Uzi Usiomshika Asiyeulizwa

Jumapili saa nane na nusu mchana Bistra alimaliza kusugua sufuria ya maharagwe, akaipindua dirishani ikauke, akavaa sweta lake la kijivu lenye viraka viwikoni, akasema anakwenda kwa Bibi Tsona. Baba yake, mzee Kuncho, alikuwa mezani anakunja gazeti. Hakuuliza anakwenda kufanya nini. Katika nyumba ile hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu. Haikuwa ugomvi, ni mazoea tu, kama nyumba nyingine zisivyofuga paka.

"Stanka! Kahawa!" mzee aliita.

Kahawa ikaja. Stanka, mkewe, aliiweka mezani, akajifuta mikono kwenye aproni, akarudi jikoni.

Bibi Tsona alikuwa msokotaji wa mwisho katika Mtaa wa Wasokota Kamba. Zamani mtaa ule ulikuwa na wasokotaji arobaini. Sasa ulikuwa na yeye, duka la simu, na mbwa watatu wasio na mwenyewe. Umri wake ulikuwa miaka sabini na minane. Nyuma ya nyumba alikuwa na kibanda chembamba chenye urefu wa hatua mia na ishirini, kwa kuwa kamba husokotwa ikiwa imelala urefu wake wote, haikunjwi mpaka iwe imekamilika. Na juu ya duka lake palikuwa na chumba chenye boriti za mwaloni, ambazo marehemu mumewe alikuwa akizitundikia katani ikauke. Humo ndimo watu kumi na tisa, wote watu wazima, wengine na wajukuu wao, walikuwa wakikutana kila Jumapili mchana kwa miaka kumi na mmoja ili kufungana kamba.

Walifungana kwa sababu walipenda kufungana. Alikuwapo Genoveva mfamasia na mumewe. Alikuwapo Spas, dereva wa basi la vijijini, ambaye akishafungwa hulala usingizi na kukoroma. Alikuwapo Ognyan, msoma mita za maji, mgane, aliyekaa ughaibuni miaka ishirini akifunga mizigo kwenye meli, na mafundo yake yalikuwa mazuri kuliko ya wote. Habari hizi hawakuzizungumza mjini. Mji ulikuwa na makanisa kumi na mawili na mapazia mazito, na mambo ya mwili yalikaa nyuma ya mapazia, na hata huko nyuma yalikaa kimya.

Chumba kilikuwa na kanuni moja: uulize kwanza, na ujibiwe kwa mdomo. Kichwa hakikukubalika. Kwetu mtu akikubali hutikisa kichwa huku na huku, na akikataa hukiinamisha. Lakini Ognyan alirudi kutoka ughaibuni kichwa chake kikiwa kimeshika tabia za kule, na siku ya kwanza yeye na Bistra walikaa nusu saa nzima, kamba mkononi, huyu anatikisa, huyu anainamisha, mpaka Bibi Tsona akapiga kelele kutoka ngazini: "Jamani, Mungu kawapa midomo ya nini? Ya kunywea supu tu?" Tangu siku ile kichwa hakisemi humo ndani.

"Bistra, nikufunge?" Ognyan aliuliza Jumapili hii.

"Nifunge."

"Mikono na kifua?"

"Mikono na kifua. Bega la kushoto liache, lilivutika kazini."

"Nimeliacha. Ukichoka?"

"Nitasema."

Kamba ikazunguka juu ya sweta. Ilinukia katani na nta, na kwa mbali ilinukia mto ambamo katani ile ililowekwa. Ognyan alifunga polepole, kama mtu anayemsomea mgonjwa barua. Mkasi ulining'inia msumarini pale karibu, ingawa katika miaka yote ile kitu pekee ulichowahi kukata ni kamba ya boksi la keki. Bistra akafumba macho. Wiki nzima alikuwa akivuta nyuzi za dhahabu kwenye majoho ya mapadri, katika karakana ya ushonaji ya kanisa. Hapa alivutwa yeye. Alikusanywa kutoka kila alikokuwa ametawanyika, jikoni, karakanani, kwenye foleni ya mkate, akaletwa akawa kitu kimoja. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu. Chini ya dirisha mto ulikuwa unapita, na baada ya muda haikuwa wazi tena kama unapita nje au ndani. Akakaa hivyo kiasi cha birika kuchemka. Kisha akasema, "Fungua," na kamba ikafunguka kabla neno halijaisha, kwa mikono ya Ognyan au kwa hiari yake yenyewe. Siku hizi hawakufuatilia ni ipi.

Halafu wote wakanywa chai ya mlimani na kula pai ya jibini.

Ni kwamba kamba zile zilikuwa zimeshika mazoea. Kitu kikikaa mahali miaka kumi na mmoja kinasikia "nikufunge?" na "nifunge" kila Jumapili, mwishowe nacho kinajua. Bibi Tsona alilitambua jambo hilo siku alipompa Mladen, mfuga mbuzi, kipande cha kamba kuukuu. Kesho yake Mladen alirudi nacho.

"Bibi, kamba yako haishiki. Mbuzi yuko kwenye kabichi za watu."

"Ulimuuliza?"

"Nani?"

"Mbuzi."

Mladen aliitazama kamba, akamtazama bibi. "Nimuulize mbuzi kama anapenda kufungwa?"

"Hiyo imezoea hivyo. Kama huwezi, chukua mpya. Mpya haijajua kitu."

Mladen akachukua mpya, na mambo yakaishia hapo.

Majira yale ya baridi ugonjwa uliingia kwenye mazizi, kondoo wakafa, sufu ikakosekana. Na kila mwaka ni Bibi Tsona aliyeusokotea mji mzima nyuzi za Machi, nyekundu na nyeupe, ambazo tarehe mosi ya Machi mtu humfunga mwenzake mkononi kumtakia afya. Uzi ule haufunguliwi mpaka umwone korongo wa kwanza amerudi, ndipo unautundika kwenye mti uliochanua. Anayeukata kabla ya korongo ameukata mwaka wake.

Bibi Tsona hakutaka mji ukae bila nyuzi. Akazichukua kamba zote zilizochakaa za chumba cha juu, akazisokotoa, nusu akaziloweka kwenye maji ya majivu zikawa nyeupe, nusu akazitia rangi nyekundu ya mizizi, akazisokota upya zikawa nyembamba kama uzi wa kufumia. Alidhani kamba ikipunguzwa unene hupungukiwa na kumbukumbu. Kosa la namna hiyo angeweza kulifanya msokota kamba tu. Mji ukanunua zote.

Asubuhi ya tarehe mosi Stanka alikuwa anakaanga vitunguu. Bistra akamjia na uzi.

"Mama, nikufunge?"

Stanka akatikisa kichwa huku na huku.

"Kwa mdomo, mama."

"Makubwa! Funga basi, vitunguu vinaungua."

"Kwa hiyo ni ndiyo?"

"Ndiyo. Ndiyo, ndiyo! Umeridhika?"

Bistra akafunga. Stanka akautazama mkono wake kwa muda mrefu kuliko vitunguu vilivyoruhusu. Halafu akauchukua uzi wa pili, akasimama mbele ya binti yake, na kitu kikamkwama mdomoni kama mwiba wa samaki.

"Na wewe," alisema. "Nikufunge?"

Katika miaka arobaini na mitatu ya Bistra, hilo lilikuwa swali la kwanza la mama yake ambalo lingeweza kujibiwa hapana.

"Nifunge, mama."

Mzee Kuncho yeye alinyoosha mkono juu ya gazeti bila kuinua macho, na Stanka akamfunga bila kusema kitu. Kufika saa saba uzi wa mzee ulikuwa ndani ya supu.

Nyuzi zikadondoka mji mzima. Zilidondoka kwenye unga wa mwoka mikate, kwenye sahani ya sadaka, darajani, kwenye madawati ya ofisi ya manispaa. Watu wakazifunga tena, mafundo mawili, mafundo matatu, nazo zikajifungua taratibu kama paka anayejinyoosha, zikaanguka. Siku ya tatu mikono ilikuwa mitupu. Watu wakaja dukani kwa Bibi Tsona kulalamika.

"Uzi wako mbovu, bibi."

"Uzi mzima. Uliyemfunga ulimuuliza?"

"Nimuulize mke wangu? Mke wangu mimi?"

"Ndiyo, huyo huyo."

"Nianze kumwomba ruhusa leo, si ataona naumwa!"

Mtu mmoja, fundi wa paa, alijaribu. Alimuuliza mama mkwe wake, naye mama mkwe akasema hapana. Fundi akawasimulia wenzake kwenye baa, na baada ya hapo hakuna mwingine aliyejaribu.

Jumapili kanisani, watu walipoinua mikono kufanya ishara ya msalaba, makoti yakateleza nyuma, na nyuzi zikaonekana. Mama Padri Evdokia, mke wa Padri Prokopi na msimamizi wa karakana ya ushonaji, alikuwa mtu wa kuhesabu mishono, basi akahesabu na hizo. Ukimwacha Bibi Tsona mwenyewe, zilikuwa ishirini. Alimwona mfamasia na mumewe. Akamwona dereva Spas, na msoma mita za maji. Akamwona Bistra, mshonaji wake bora. Kisha akakumbuka kwamba watu hao huonekana Jumapili mchana katika Mtaa wa Wasokota Kamba, ambako hakuna cha kununua ila kamba na simu. Akatuma mtu akapande ngazi. Kufika Jumatano kila mtu alijua.

Habari ya uzi haikumshangaza yeyote. Nyuzi zina tabia zake. Kilichozungumzwa kwenye foleni ya mkate ni chumba.

"Ati mfamasia naye? Na ile miwani yake?"

"Anaivua kwanza, nasikia."

"Wanafungana kamba, mchana kweupe."

"Kwa nguvu?"

"Wala! Kwa hiari yao."

"Hapo ndipo penye ubaya. Wangefungwa kwa nguvu tungewaonea huruma."

"Na Stanka wa Kuncho yumo."

"Stanka? Na magoti yake yale?"

Maana uzi wa Stanka nao ulikuwa umeshika, na mji haukujua sababu nyingine ya uzi kushika.

Mzee Kuncho alizipata habari kwenye baraza la wacheza karata. Akarudi nyumbani mapema, akakaa, akaweka kofia mezani.

"Wanasema unapanda kule juu."

Stanka alikuwa anachambua maharagwe. Angeweza kusema hapandi. Ilikuwa kweli hapandi. Akachambua maharagwe mengine mawili matatu.

"Wanasema mengi," alijibu.

"Utoe huo. Nitakufunga mimi, watu waone umefungwa na mumeo."

"Hautolewi kabla ya korongo. Funga wako juu yake."

Kuncho akautoa mfukoni uzi wake, ule uliotoka kwenye supu, akaufunga juu ya mkono wa mkewe. Ukaanguka. Akaufunga tena, akaukaza kwa meno. Ukaanguka mezani kati ya maharagwe. Bistra alikuwa mlangoni ameshika ndoo, akasimama hapo hapo.

"Niulize, Kuncho," Stanka alisema.

Mzee akatazama dari. Akatazama jiko. Ilionekana anatafuta kitu ambacho alikuwa na hakika kimo humu nyumbani, ila hajui kabati gani.

"Miaka hamsini na mmoja nakula chakula chako," alisema mwishowe, "sijawahi kukuuliza."

"Ndiyo."

"Na hatukuwahi kugombana."

"Hatukuwahi."

Kuncho akainuka, akaenda uani, akarudi na gundi ya viatu. Akaubandika uzi, akaushikilia mpaka ukauke. Gundi ikashika. Stanka akamalizia maharagwe kwa mkono mwingine.

Basi ndivyo mji ulivyofanya. Wengine gundi, wengine pini, wengine walishona uzi kwenye mkono wa shati kabisa. Duka la vifaa vya ushonaji liliishiwa pini tarehe kumi, likaagiza nyingine kutoka mji wa bandari. Padri Prokopi alizibariki pini kwa maji, kwa kuwa waumini walimwomba. Manispaa ikamtuma mtu akafunge mlango wa chumba cha juu, ikaandika kwamba boriti zimeoza. Boriti zile za mwaloni zingeweza kubeba kengele. Mlango ukafungwa kwa utepe wa njano, nao utepe ukashika, kwa sababu haukutengenezwa na Bibi Tsona.

Mfamasia alikosa wateja kwa siku nane. Siku ya tisa walirudi, maana kikohozi hakina aibu. Ognyan hakufunguliwa malango kwa mwezi mzima, na watu wa malango hayo hawakusikitika, kwa kuwa mita zao hazikusomwa. Bistra yeye aliitwa na Mama Padri.

Mama Padri Evdokia hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, akamsogezea bakuli la lozi. Juu ya meza lilikuwa joho la Pasaka, la dhahabu, bega moja limekwisha, bega moja bado.

"Bistra, mwanangu, mkono wako ni wa dhahabu. Tangu marehemu Raina hatujapata mkono kama huo."

"Asante, Mama Padri."

"Lakini joho takatifu halishonwi na mkono uliofungwa. Kata uzi. Mimi sitauliza mengine. Kata, na Ijumaa uje na mkono mtupu kama wenzio."

"Wenzangu wana pini."

"Pini si kitu. Pini haina maana yoyote."

"Ukisubiri korongo aje? Akija nautoa mwenyewe, kwa desturi."

"Korongo hana tarehe. Pasaka inayo. Ijumaa, Bistra."

Karakana ilikuwa mahali pekee pa kazi ya uzi wa dhahabu katika mji wote, na Bistra hakujua kazi nyingine. Wiki ile alikwenda kazini kichwa kikiwa juu, anatazama bomba la moshi la hamamu ya zamani, ambako korongo hujenga kiota chao kila mwaka. Kiota kilikuwa kitupu, kina theluji kidogo upande mmoja. Wale wengine kumi na wanane wa chumba cha juu nao walikitazama, kila mmoja akipita kwa wakati wake, bila kusalimiana. Ognyan alipanda juu ya paa la kituo cha basi, akasema amekwenda kusoma mita.

Alhamisi jioni Bistra na mama yake walikuwa jikoni wanakunja nguo. Mzee alikuwa ameshalala kwenye kiti, redio imewaka.

"Ukate, mwanangu," Stanka alisema. "Ni uzi tu."

"Unaniamuru, mama, au unaniuliza?"

Stanka akaisimamisha shuka katikati. Alifikiri kwa kweli. Mtu angeweza kumwona anavyofikiri, kama unavyomwona mtu anayevuka mto akikanyaga mawe.

"Nakuuliza. Utaukata?"

"Hapana, mama."

"Haya," Stanka alisema, wakamaliza kuikunja shuka, pembe kwa pembe. Kisha akafungua sufuria akamtilia bintiye supu nyingine, ingawa alikuwa ameshakula.

Ijumaa Bistra alifika karakanani saa mbili kamili. Mkasi ulikuwa mezani, umewekwa makali upande mwingine, kwa adabu.

"Hatujamwona korongo," Bistra alisema.

"Korongo atakuja," Mama Padri alijibu. "Kazi haitakuja tena."

Bistra akavua tondoo kidoleni, ile kofia ndogo ya chuma ya mshonaji, akaiweka juu ya joho, kwenye bega ambalo halijaisha. Washonaji wengine watano waliinamia kazi zao. Mmoja wao, akivuta sindano, uzi wake uliobandikwa ukanasa kwenye dhahabu, na ikabidi wausubiri unasuliwe kabla Bistra hajapita.

Korongo walikuja Jumatatu, saa nne asubuhi, wawili. Walizunguka mara tatu juu ya soko, wakatua kwenye bomba la hamamu, wakaanza kupigisha midomo yao kama kawaida. Watu wakatoka madukani. Pini zikachomolewa, gundi ikalainishwa kwa maji ya moto, na ilipofika mchana kila mti wa plamu uliochanua ulikuwa mwekundu na mweupe. Jioni nyuzi zote zilikuwa chini, maana hakuna aliyeiuliza miti. Wafagiaji wakazifagia, wakazitia kwenye toroli.

Bistra alisimama mbele ya mplamu wa kando ya mto akauuliza. Akasubiri. Nyuki walikuwa kazini, petali mbili tatu zikaanguka majini. Mti haukusema kitu. Basi akautia uzi mfukoni akarudi nao nyumbani. Wa Stanka ulibaki mkononi. Alisema macho yake siku hizi hayaoni mbali, na yeye binafsi korongo hajamwona.

Miaka mitatu imepita. Sufu imerudi, lakini Bibi Tsona anaendelea kusokota nyuzi kutoka kwenye kamba kuukuu, na mji hununua na haulalamiki tena. Ndivyo uzi ulivyo, wanasema. Pini huwekwa dukani tangu Januari, nyekundu na nyeupe, nyingine zina korongo mdogo kichwani. Wazee wameanza kusema kwamba hata zamani pini zilikuwapo. Wanawake hunyoosha mikono, wanaume huchoma pini, na mwenye kuchomwa husema "a!" kidogo, ndiyo baraka.

Bistra hufupisha suruali za watu nyumbani. Kazi ni ndogo, na uzi wake ni wa pamba. Joho la Pasaka lilimalizwa na mshonaji mwingine, na kila anayeujua mkono wa Bistra hulitambua bega lisilo lake.

Chumba cha juu bado kina utepe. Watu hukutana chini sasa, katika kile kibanda cha hatua mia na ishirini, kati ya gurudumu na ukuta, wamekaa kwenye safu moja ndefu kama kamba yenyewe. Mji unajua. Unafunga mapazia Jumapili saa nane na nusu, unayafungua saa kumi na moja. Walikuwa kumi na tisa, sasa wako ishirini, kwa kuwa Stanka naye huja. Hukaa kwenye kiti cha majani karibu na gurudumu, miguu juu ya gunia la katani, magoti yapumzike.

Zamu yake ikifika, Ognyan humjia na kamba mikononi, husimama mbali kidogo.

"Mama Stanka, nikufunge?"

Stanka huitazama kamba. Hana haraka. Hunyoosha aproni, huitazama tena, na hata Spas huacha kukoroma.

"Hapana," husema.

"Haya," husema Ognyan, na huiweka kamba chini.

Stanka huegemea nyuma. Kwa kitambo uso wake unakuwa kama wa Bistra akishafungwa, macho yamefumbwa, mto unapita. Ni hilo tu analolifuata. Tangu aanze hajakosa Jumapili hata moja, na hajawahi kusema ndiyo.

Halafu hunywa chai yake na kula kipande cha pai, mpaka saa kumi na moja mzee Kuncho anaposimama langoni. Haingii.

"Stanka! Supu!"

Naye hushusha miguu kutoka kwenye gunia, hutafuta viatu vyake, na kwenda kuipasha moto.